Ramani ya Wahindu wa dunia kwa pojo na ufuta

Mimi nauza nafaka hapa Malindi, si mwalimu. Duka langu ni mlango mmoja upande wa mji wa kale: magunia mbele, mizani mezani, na kiti cha plastiki ambacho mguu wake mmoja nimeufunga kamba. Muhula uliopita mjukuu wangu wa gredi ya saba alirudi na kazi ya mradi. Achague dini isiyo yake, aonyeshe waumini wake wanaishi wapi duniani, na atumie vitu vilivyomo nyumbani. Siku hizi mtoto hupewa kazi moja ikafanywa na nyumba nzima, wazazi mwalijua hilo. Akachagua Uhindu kwa sababu yangu. Nimekulia nyuma ya duka la nguo la Banyani mmoja ambaye baba yangu alimpimia vitambaa miaka mingi, na hadithi za duka lile mjukuu amezisikia mpaka zimemchosha.

Tulimaliza siku ya tisa, tukiwa tumekosea mara tatu. Wazazi wengine wamekuja dukani kuniuliza tulivyofanya, na kila mmoja huuliza akiwa na haraka ya maharagwe. Basi naandika mara moja, na makosa yetu humo humo.

Anzeni na jina

Msiguse ramani bado. Kiswahili chetu kina mtego hapa: Mhindi ni mtu wa asili ya India, Mhindu ni mtu wa dini ya Kihindu. Tofauti ni irabu moja, na mtoto akiiteleza atahesabu watu wasiohusika mpaka mwisho.

Fikirieni maduka ya pwani tuliyoyazoea. Kuna Bohora, Ismailia, Ithnaasheri na Memoni, wote Waislamu. Kuna Kalasinga na kilemba chake, dini yake Usikh. Kuna Mgoa anayekwenda misa Jumapili. Kuna Oshwal, ambao ni Wajaini, ingawa mitaani huitwa Banyani kama wengine. Wote hao ni Wahindi, na katika orodha hiyo sijamtaja Mhindu hata mmoja. Sensa ya Kenya ya 2019 iliwapata Wahindu 60,287, ilhali watu wa asili ya Asia, raia na wageni pamoja, walikuwa elfu 90 na kitu. Mjukuu wangu alitaka kuandika hiyo elfu 90. Nikamwambia, hao wengine wakikusikia watakuja kukudai dini yao.

Nalo neno Banyani lilianza kuwa jina la kazi. Limetokana na "vaniya", mfanyabiashara kwa Kigujarati, kisha huku kwetu likageuka kuwa jina la dini. Mwandikeni Mhindu, na Banyani mwacheni kwenye hadithi.

Msione haya mkikosea, maana hapa Malindi alikosea mtu mkubwa kuliko sisi. Aprili 1498 Vasco da Gama alipotia nanga hapa, alikuta vyombo vya wafanyabiashara kutoka India. Shajara ya safari ile imehifadhiwa, na ndani yake Wareno wanawaita wageni wale Wakristo. Waliwaonyesha picha ya Bibi Mariamu na mwanawe, wakawaona wanainama kwa heshima, wakakata shauri. Lakini mwandishi yule yule anaeleza kwamba watu hao walikuwa na ndevu ndefu na nywele za kusuka, na kwamba walisema hawali nyama ya ng'ombe. Dalili ilikuwa mkononi mwake na hakuitambua. Nguzo ya Vasco kila mtoto wa Malindi amepelekwa kuiona na shule. Hiki kisa cha kuwapa watu dini kwa kuwatazama hakuna aliyenisimulia nikiwa mdogo.

Shuka na miraba

Chukueni shuka nyeupe iliyochakaa. Sisi tulikata kipande cha sentimita 180 kwa 90, kwa sababu hesabu yake ni rahisi: dunia ina nyuzi 360 kwa mzunguko na 180 kutoka ncha ya kaskazini hadi ya kusini, kwa hiyo kila nyuzi 10 ni mraba wa sentimita 5. Miraba 36 kwa upana, 18 kwa urefu. Chora kwa penseli, halafu nakili nchi mraba kwa mraba kutoka kwenye atlasi. Ikweta inapita katikati. Malindi itakaa karibu kabisa na mstari wa 40 mashariki, nyuzi 3 kusini ya ikweta. Mwache mtoto aitie nukta yake kwanza, atachora kwa moyo zaidi.

Acheni pindo pande zote mbili. Sisi tulibana, na Fiji, inayokaa pale pale kwenye mstari wa 180, ikakatwa na mkasi pamoja na mabaki. Tuliishona tena kwa kiraka.

Laki kumi kwa pojo moja

Sasa hesabu. Wahindu wote duniani, kwa makadirio ya kituo cha utafiti cha Pew cha Marekani kwa mwaka 2020, wanafika bilioni 1.2, yaani watu 15 katika kila 100 wa dunia nzima. Ukisema pojo moja ni watu milioni moja, unahitaji punje 1,200. Zinaonekana nyingi mpaka uzihesabu: zote zinaingia kwenye kikombe cha kahawa, kile kidogo kisicho na mkono, na chache zinamwagika.

Lakini pojo ni kubwa mno kwa nchi ndogo. Kenya ingepata kipande cha punje, na nani atakata pojo kwa wembe mara ishirini? Hapo ndipo nilipokumbuka ufuta. Punje moja ya ufuta tukaipa watu 50,000, nusu laki, na ufuta 20 ukawa sawa na pojo moja. Kenya ikapata ufuta mmoja. Ufuta pia una haki yake katika ramani inayochorwa Malindi: mji huu ulipofufuliwa na Sultani wa Unguja miaka ya 1860, mashamba yake yalilisha majahazi kwa mtama na ufuta.

Laki yenyewe ni neno tulilolipata ng'ambo hiyo hiyo, na itawasaidia sana kusoma takwimu za India. Wao huhesabu kwa laki na kwa karori, na karori ni laki mia, yaani milioni kumi. Hata mkato wanauweka kwingine. Sensa yao ya 2011 iliwapata Wahindu 966,257,353; wao wenyewe wataiandika 96,62,57,353, na mtoto aliyezoea tarakimu tatu tatu atadhani ni kosa la uchapaji. Soma kutoka kushoto: karori 96, laki 62, elfu 57, mia tatu na hamsini na tatu. Duka la Banyani wetu lilihesabu hivyo hivyo. Tulimwita Kaka, mimi nikidhani maana yake ni ndugu mkubwa, kumbe kwa Kigujarati kaka ni baba mdogo. Yeye alituona watoto wa nduguye, sisi twamfanya kaka yetu, na hakuna aliyemsahihisha mwenzake.

Onyo la miaka: India ilikuwa ifanye sensa 2021, korona ikaizuia, kwa hiyo hesabu ya kichwa kwa kichwa ya mwisho ni ile ya 2011. Nchi nyingine zina za 2012, 2021, 2022. Msizichanganye kimyakimya. Kila nchi mwandikieni mwaka wake pembeni kwa kalamu ya wino. Sisi kwa India tulitumia makadirio ya 2020, kwa nchi nyingine sensa, na tukaandika hivyo chini ya shuka.

India ishonewe mfuko

Kosa letu kubwa lilikuwa hapa. Katika kila Wahindu 100 wa dunia, 95 wako India. Katika kikombe chetu hizo ni pojo 1,140. Lakini India kwenye shuka ile ni miraba mitatu kwa mitatu, sentimita 15 kwa 15, na umbo lake ni kama embe linaloning'inia, kwa hiyo hata huo mraba haujai. Tulibandika mpaka Bombay ikafunikwa, Delhi ikafunikwa, kisha pojo zikaanza kushuka baharini kuelekea Maldivi. Mjukuu akasema tupunguze. Nikakataa. Ukipunguza India ili ipendeze, umeondoa habari yenyewe.

Suluhisho lilitoka kwenye kikapu cha ushoni. Nilikata kipande cha kanga kuukuu, nikashona mfuko wenye umbo la India, mdomo juu upande wa Kashmiri, tukazimimina pojo zote ndani. Mfuko ukafura kama shavu la mwenye jino bovu. Shuka ikitundikwa inavutwa upande ule, na mwalimu akiigusa tu anaelewa. Kwa hiyo msipoteze muda wa gundi kwa India kabisa.

Gundi kwa nchi nyingine, hapo pia nina neno. Tulianza na uji wa unga wa ngano, kama tulivyobandika kishada zamani. Ilikuwa masika, nyumba ina unyevu, uji mwepesi. Siku ya tatu nikaamka nikakuta Bangladeshi imeota. Mimea midogo myeupe, kila punje na mkia wake. Mjukuu alilia, mimi nilicheka mpaka nikakaa chini. Kaangeni pojo kavu kavu kwanza, bila mafuta, dakika chache tu zipoteze ule uhai, halafu tumieni gundi nyeupe ya maseremala. Ufuta nao ukaangwe kidogo. Hauna haja ya kuhesabiwa kwa vidole, lowesha ncha ya kijiti uokote punje moja moja.

Punje sitini zilizobaki

Ukishaijaza India zinabaki pojo 60 za dunia yote, na hapa mtoto ataanza kuona mambo.

Nepali inachukua 24. Sensa yao ya 2021 inasema watu 81 katika kila 100 ni Wahindu, na nchi ile ilikuwa ufalme wa Kihindu kabla ufalme haujafutwa 2008. Bangladeshi inachukua 13. Kwao ni watu karibu 8 tu katika 100, lakini nchi ina watu wengi mno. Kwa hiyo majirani hawa wawili wa mpakani wamekula 37 kati ya 60.

Pakistani ipewe 5, wengi wao jimbo la Sindh. Msomaji wa haraka atatoa 4, kwa sababu sensa yao ya 2023 inawagawa safu mbili: Wahindu, kisha watu wa matabaka ya chini ambao nao ni Wahindu lakini wanaandikwa mbali. Jumlisheni. Indonesia 4, kwa sensa ya 2010. Sri Lanka pojo 2 na ufuta 11, Malesia 2.

Nchi za Ghuba zote kwa jumla ni 3 na zaidi kidogo, na hizo ni za watu wa kazi: wajenzi, wahudumu, wahasibu, wauguzi. Kijana wa jirani yangu yuko Doha, chumba kimoja na Wanepali watatu, na aliponipigia alinieleza sikukuu yao ya Dashain kuliko alivyonieleza mshahara. Abu Dhabi wamefunguliwa hekalu kubwa la mawe Februari 2024.

Marekani weka 3, lakini weka kwa penseli. Sensa ya Marekani haiulizi dini, kwa hiyo kila tarakimu ya huko ni makadirio ya watafiti. Ufaransa pia haiulizi, ndiyo maana kisiwa chao cha Réunion, jirani wa Morisi, chenye Watamili wengi, watu wa asili ya kusini mwa India, na mahekalu yao, hakina nambari ya serikali. Tulichora duara tupu pale. Duara tupu ni jibu, mwambieni mtoto asilijaze kwa kubahatisha.

Uingereza na Wales pojo moja, sensa ya 2021. Kanada ufuta 17, Australia 14. Zilizobaki nitazisema huko chini, kwenye nyuzi za kushonea.

Manjano kwa uwiano

Ramani ya punje inaonyesha wingi peke yake. Kwa punje, Morisi haionekani kando ya Bangladeshi: ufuta 12 tu dhidi ya pojo 13. Lakini mtu akiizunguka Morisi nzima, karibu nusu ya anaokutana nao ni Wahindu, watu 48 katika 100, na Bangladeshi hatakutana na hali hiyo. Inahitajika rangi ya pili kuonyesha uwiano.

Manjano ya unga, maji kidogo sana, pamba kwenye kijiti. Ipakeni KABLA ya kubandika punje. Sisi tulipaka baadaye, na pojo za Nepali zikawa za pilau. Na msianike juani, manjano hufifia haraka.

Mkoleo wa kwanza Nepali na India, nchi zenye Wahindu wanane katika kila kumi. Wa katikati Morisi peke yake. Mwepesi kwa Fiji, Guyana, Suriname, Trinidad, Bhutan na Sri Lanka. Nyingine zote nyeupe, Kenya ikiwemo.

Halafu kuna Bali. Indonesia nzima, katika watu 100 Mhindu hafiki hata wa pili. Ukiipaka rangi umedanganya, ukiiacha nyeupe umedanganya. Kisiwa cha Bali pekee kina Wahindu karibu 87 katika 100, kwa hiyo kikolezeni chenyewe kama nukta, upande wa mashariki wa Java. Mkipata nafasi kwenye ramani kubwa ya India fanyeni vivyo hivyo ndani yake, kwa sensa ya 2011: Himachal Pradesh milimani Wahindu 95 katika 100, Kerala, alikokwenda Vasco alipotoka hapa, kama 55, Punjab hawafiki 40 kwa kuwa hiyo ni nchi ya Kalasinga, na Mizoram hawafiki 3. Mfuko wetu wa kanga unayaficha haya yote, najua.

Nyuzi tatu

Hapa ndipo nilipofurahi zaidi, na ndipo mwalimu, nimeambiwa, alipokaa muda mrefu. Karibu kila rundo la punje mbali na India na majirani zake lina njia iliyolifikisha. Tulichukua sindano na nyuzi za rangi tatu.

Uzi wa buluu ni wa majahazi. Toka Kutch na Gujarati, pita Maskati, shuka Lamu, Malindi, Mombasa, Unguja. Huo ni uzi wa kaskazi na kusi: kaskazi inawaleta kuanzia Desemba, kusi inawarudisha. Hata Vasco aliondoka Malindi 24 Aprili, kusi ikianza, akiwa na rubani aliyepewa hapa, akaona pwani ya Kalikati, huko Kerala, kabla Mei haijaisha. Wafanyabiashara hawa waliingia mpaka jikoni mwa serikali: karne ya 19 kampuni ya Jairam Shivji, Mhindu wa ukoo wa Bhatia kutoka Kutch, ilikodishiwa forodha ya Sultani wa Unguja kwa miaka na miaka. Shoneni uzi huu kwa mishono ya karibu karibu, kwa maana walikwenda na kurudi.

Uzi mwekundu ni wa mikataba, na huu shoneni mara moja tu, upande mmoja, kwa sababu wengi hawakurudi. Waingereza walipofuta utumwa katika makoloni yao miaka ya 1830, wenye mashamba ya miwa wakatafuta mikono mingine, wakaitafuta India. Watu walitia dole gumba kwenye karatasi ya miaka mitano. Karatasi hiyo wao waliiita girmit, neno la Kiingereza la mkataba lililopita katika midomo ya wakulima, na mpaka leo wajukuu wao hujiita hivyo, watu wa girmit. Mhindu wa tabaka la juu kuvuka maji meusi, yaani bahari, ilikuwa kuvunja mwiko. Wengi walivuka kwa njaa.

Toka Kolkata na Madras, ambayo sasa ni Chennai, peleka uzi: Morisi, Novemba 1834, na mpaka 1920 karibu watu nusu milioni walipandia ngazi za bandari ya Port Louis. Guyana, Mei 1838, leo ufuta 4. Trinidad, 30 Mei 1845, ufuta 5. Durban, 16 Novemba 1860, na Afrika Kusini sasa ina ufuta 10 na zaidi. Suriname, 5 Juni 1873, kwa Waholanzi walioiga, ufuta 2. Fiji, 14 Mei 1879, watu kama 60,000 kwa jumla, leo ufuta 5 kwenye kile kiraka. Si wote waliovuka walikuwa Wahindu, Waislamu walikuwemo tangu meli ya kwanza. Ila mtoto akitazama nyuzi nyekundu kwa mbali ataona kitu bila kuambiwa: kila mmoja unaishia kwenye miwa.

Mjukuu alitaka kupeleka uzi mwekundu Mombasa, kwa reli. Tulibishana. Ni kweli watu karibu 32,000 waliletwa kutoka India kujenga reli kuanzia 1896, karibu 2,500 wakafa, na kama 6,700 wakabaki. Lakini wengi wao walikuwa Wapunjabi, Kalasinga na Waislamu kwa wingi, na maduka ya Wahindu wa Kigujarati yalikuwepo pwani reli haijaota hata ndotoni. Wengine wakaifuata reli bara baadaye, kwa nauli yao. Mwisho tulikubaliana: uzi mwekundu mwembamba mpaka Mombasa, wa buluu mnene kando yake.

Uzi wa tatu, mweusi, ni wa ndege. London, Toronto, Sydney, New Jersey, Dubai. Marekani ilifungua mlango kwa sheria ya 1965 na waliokwenda wengi wana vyeti. Sina mengi ya kusema hapo, ila kipande kimoja kinatuhusu: mweusi kutoka Kampala hadi mji wa Leicester, Uingereza. Agosti 1972 Idi Amin aliwapa Waasia siku 90 waondoke Uganda. Halmashauri ya Leicester ikatia tangazo katika gazeti la Uganda kuwaomba wasije kwao, mji umejaa. Wakaja. Sensa ya 2021 imekuta karibu watu 18 katika kila 100 wa Leicester ni Wahindu. Ndugu wa Kaka walikuwa wameshakwenda kule kutoka Kenya miaka michache kabla, naye akabaki hapa na mizani yake na baba yangu. Barua zao zilikuja na stempu za malkia. Baba alizibandua kwa mvuke wa birika akanipa mimi.

Kuna mahali dini ilifika bila msafara wa watu kama hao. Bali ni hivyo; wale ni watu wa kisiwa chenyewe, hawakutoka India. Angkor Wat kule Kambodia ni hekalu lililojengwa karne ya 12 kwa ajili ya Vishnu, mungu wa Kihindu, na leo Wahindu nchini humo ni wa kuhesabu. Ghana wako Waghana waliojiunga wenyewe, na nyumba ya watawa wao Accra tangu 1975. Hizi tulizitia alama ya duara kwa wino, bila uzi.

Kuifikisha shule

Usikunje shuka, izungushe kwenye mti wa ufagio, punje zikiwa ndani. Mfuko wa India umimine kwanza kwenye karatasi, uufunge, na mjazie mtoto huko huko darasani. Sisi tuliuacha umejaa, tuktuk ikaruka tuta la Barani, na nusu ya India ikabaki chini ya viti. Dereva alituletea jioni pojo 412 kwenye mfuko wa nailoni. Alizihesabu mwenyewe, maana mjukuu alikuwa amemwambia kila moja ni watu milioni.

Na bebeni ufuta wa akiba kwenye karatasi ya kibiriti. Kenya ilidondoka mara mbili.